Argentina: wanajeshi walisamehewa mara tatu, watoto walioibwa ndio wakaja kuuvunja huo msamaha (uzi mrefu)

Msoma Magazeti (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Juzi humu kulikuwa na mabishano makali, nchi ikitoka mikononi mwa wanajeshi ifukue ya nyuma au ifunike kombe mwanaharamu apite. Wengi mlisema funika, tusonge mbele, kufukua ni kuleta vita. Sikuchangia siku ile maana nilitaka nije na kitu kamili, na nchi ambayo nimeisoma sana kwenye hii ishu ni Argentina, kwa sababu wao wamejaribu kila kitu: wamejisamehe, wameshtaki, wamesamehe tena, wameshtaki tena. Yani majibu ya mabishano yetu yote yapo pale.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema tusije tukazungushana. Msamaha ambao muuaji anajiandikia mwenyewe, au anaupata kwa kuielekezea serikali mtutu wa bunduki, hauponyi chochote, unaahirisha kesi tu na gharama ya kuahirisha wanalipa wazee wanaokufa bila kujua watoto wao wako wapi.

Tuanze. Tarehe 24 Machi 1976 jeshi linampindua rais Isabel Perón. Wanaingia watatu, Videla wa jeshi la nchi kavu, Massera wa majini, Agosti wa anga. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imechafuka kweli, kulikuwa na wapiganaji wa msituni wa Montoneros na ERP, kulikuwa na vikosi vya kuua vya mrengo wa kulia, mabomu, utekaji, bei zinapaa kila siku, na watu wengi tu walifurahia mapinduzi wakidhani sasa patatulia. Kilichofuata ni kitu kingine kabisa. Hawa jamaa hawakutaka kushika watu na kuwapeleka mahakamani, wala hawakutaka maiti barabarani kama Chile ya Pinochet maana Chile ilikuwa imelaaniwa dunia nzima. Wakaja na utaratibu wa kupoteza watu. Gari inakuja usiku haina namba, mtu anachukuliwa, familia ikienda polisi inaambiwa hatuna mtu wa jina hilo. Ikienda kambini, hatuna. Ikienda kwa askofu, nyamazeni mama mtaharibu zaidi. Tume iliyokuja kuchunguza baadaye iliorodhesha vituo vya siri kama 340 nchi nzima, vingine katikati ya mji kabisa.

Kilichojulikana zaidi ni ESMA, chuo cha mafundi wa jeshi la majini, Buenos Aires, barabara kubwa watu wanapita na mabasi. Wanakadiria watu kama 5,000 walipitia pale na walionusurika ni wachache mno. Walikuwa wanawalaza darini, wamefunikwa vichwa na vitambaa, miguu ina pingu. Baadhi walidungwa sindano ya usingizi, wakapakiwa kwenye ndege na kutupwa baharini wakiwa hai. Hii sio stori ya vijiweni, ofisa wa majini mwenyewe, Adolfo Scilingo, aliitoa kwa mdomo wake mwaka 1995.

Wapenda mpira hapa mtanielewa haraka. Fainali ya Kombe la Dunia 1978, Argentina 3 Uholanzi 1, Kempes magoli mawili, ilichezwa uwanja wa Monumental, na kutoka pale hadi ESMA ni kama kilomita moja hivi. Wafungwa walisikia kelele za magoli. Mama mmoja aliyenusurika alikuja kusimulia kwamba usiku ule walinzi waliwatoa baadhi yao wakawazungusha mjini kwenye Peugeot 504 waone watu wanavyosherehekea, yeye akaomba afungue paa la gari atoe kichwa, akatazama ule umati unaimba na kulia kwa furaha, akajua kabisa kwamba hata akipiga kelele "mimi nimetekwa" hakuna atakayemsikiliza. Mimi hiyo sehemu huwa nairudia kuisoma, ndio naona jinsi nchi nzima inavyoweza kuwa hapo hapo na isione.

Naendelea post inayofuata.

Msoma Magazeti

Sasa MSAMAHA WA KWANZA. Jeshi linashindwa vita ya visiwa vya Malvinas (Falklands) na Waingereza mwaka 1982, wanajua wanaondoka. Septemba 1983, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, junta, yani lile baraza la wanajeshi wanaotawala, inapitisha sheria ya kujisamehe, namba 22.924, kila kitu walichofanya kimefutwa. Mgombea wa chama cha Perón, Luder, alisema kisheria hiyo haiwezi kuondolewa. Raúl Alfonsín akasema mimi nikiingia naifuta. Akashinda kwa karibu 52%, na Desemba ile ile bunge likaifuta, ndio sheria ya kwanza kabisa ya bunge jipya. Kwaiyo wanaosema wananchi wenyewe huwa wanataka yaishe, pale wananchi waliulizwa kwenye sanduku la kura na wakajibu.

Alfonsín akaunda tume, mwenyekiti akiwa mwandishi Ernesto Sabato. Ndani ya miezi tisa wakakusanya majina ya waliopotezwa 8,961. Alafu 1985 majenerali na maadmirali tisa wakapandishwa kizimbani, mahakama ya KIRAIA, ndani ya nchi yao, mashahidi 833, miezi inapita watu wanasimulia. Videla na Massera maisha, Viola miaka 17, Lambruschini 8, Agosti minne na nusu, wanne wakaachiwa. Mwendesha mashtaka mkuu alikuwa Julio Strassera. Na msaidizi wake, kijana wa miaka 32 hivi, alikuwa Luis Moreno Ocampo. Ndio huyo huyo aliyekuja kuwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya kimataifa ICC, The Hague. Wakenya mnamjua kuliko sisi.

MSAMAHA WA PILI. Baada ya wakubwa, kesi zikaanza kushuka kwa wadogo, kina kapteni na meja, na hapo kambi zikaanza kuchemka. Desemba 1986 Alfonsín akapitisha sheria ya kuweka ukomo, siku 60 tu, ambaye hajaitwa mahakamani ndani ya hizo siku basi tena. Alidhani itapoza mambo. Majaji wengine wakafuta likizo zao za Januari wakakaa kuandika mashtaka usiku na mchana, mamia ya maofisa wakaitwa! Pasaka ya Aprili 1987 luteni kanali Aldo Rico na wenzake, wamejipaka masizi usoni, wakaasi kambini. Watu wakajaa barabarani kuilinda serikali, mamia ya maelfu, Alfonsín akaenda mwenyewe kambini kuongea nao, akarudi akawaambia watu nyumba ipo salama, Pasaka njema. Wiki chache baadaye ikaletwa sheria ya pili: aliyekuwa anatii amri hana kosa. Wale watu waliojaa barabarani wakajiona wametoswa, na mimi nawaelewa.

MSAMAHA WA TATU. Carlos Menem, ambaye yeye mwenyewe hao hao wanajeshi walimfunga miaka kadhaa, akaingia madarakani na kati ya 1989 na 1990 akatoa msamaha wa rais kwa wote waliobaki, mpaka Videla na Massera wakatoka. Strassera, aliyekuwa anaiwakilisha nchi kwenye haki za binadamu Geneva, akajiuzulu.

Kufikia mwanzo wa 1991 kila kitu kimefungwa. Mtesaji anakutana na aliyemtesa kwenye foleni ya mkate, na sheria ipo upande wa mtesaji.

Ila kuna tundu moja waliliacha, na uzi huu upo kwa ajili ya hilo tundu.

Mtu wa Tabora

Mkuu shusha, nimeweka kambi hapa

Binti Kisutu

Nasubiri hilo tundu. Ila kaka swali dogo, hao kina mama wa vilemba vyeupe umewaruka au unakuja nao?

Msoma Magazeti

Dada nakuja nao, bila wao hakuna stori.

Aprili 30, 1977, mama 14 walikwenda Plaza de Mayo mbele ya ikulu kuulizia watoto wao. Polisi wakawaambia mikusanyiko marufuku, tembeeni, wakaanza kutembea wawili wawili kuzunguka mnara, na wakaendelea kila Alhamisi. Kichwani walivaa nepi za kitambaa za watoto ili watambuane kwenye umati. Mwaka ule ule kijana mmoja mpole, anasema kaka yake kapotea, alijipenyeza kwenye kundi lao, kumbe ni ofisa wa majini Alfredo Astiz. Desemba kiongozi wao Azucena Villaflor akatekwa, na wenzake, na masista wawili wa Kifaransa. Bahari ikarudisha miili ufukweni, ikazikwa kimya kimya makaburi yasiyo na jina, na mwaka 2005 ndio vipimo vya mifupa vikasema huyu ni Azucena. Miaka 28 hiyo.

Sasa wengine kati yao binti zao walichukuliwa wakiwa na mimba. Hao wakawa kundi lao, kina bibi, Abuelas. Maana binti alitunzwa hai mpaka ajifungue ndani ya kituo cha mateso, akishajifungua anauawa, mtoto anapewa familia ya mwanajeshi au rafiki wa mwanajeshi, anaandikishwa kama wa kuzaliwa nao. Kina bibi wanakadiria ni watoto kama 500. Hawa bibi walizunguka dunia kuuliza wanasayansi swali ambalo halikuwa na jibu wakati ule: damu ya bibi inaweza kuthibitisha mjukuu hata kama wazazi wote hawapo? Mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, akawasaidia kupata hesabu yake, na 1987 sheria ikaanzisha benki ya taifa ya vinasaba ambako familia zote zinaweka damu zao zimsubiri mtoto, hata kama bibi atakufa kwanza.

Tundu lenyewe ni hili. Zile sheria za 1986 na 1987 zilisamehe mauaji, mateso, utekaji, lakini ziliacha nje wizi wa watoto. Hakuna mbunge aliyethubutu kusimama aseme kuiba kichanga ni kutii amri. Kwaiyo Juni 1998 Videla, amesamehewa na rais, anaishi kwake, akakamatwa tena kwa watoto.

Na kesi iliyobomoa ukuta wote ni ya familia moja. José Poblete alikuwa fundi kutoka Chile, alipoteza miguu yote miwili kwenye ajali, anatembelea kiti cha magurudumu, alikuwa anapigania walemavu wapate ajira. Mke wake Gertrudis Hlaczik. Novemba 1978 walitekwa pamoja na binti yao wa miezi minane. Wakapelekwa kituo kinaitwa Olimpo. Walinzi walimdhihaki José kwa ajili ya miguu yake. Siku walipomuondoa, mashahidi walikiona kiti chake kimebaki pale uani, mwenyewe hayupo. Mtoto alichukuliwa na luteni kanali mmoja na mkewe, akakua na jina lingine, na mwaka 2000 vipimo vya damu vikasema yeye ni nani.

Sasa jaji Gabriel Cavallo yupo mezani na mtuhumiwa, polisi Julio Simón, ambaye alihusika kuiteka ile familia. Fikiria na wewe: sheria inamruhusu jaji amhukumu huyu mtu kwa kumchukua mtoto, ila inamkataza amguse kwa kuwapoteza baba na mama wa mtoto huyo huyo, familia hiyo hiyo. Machi 2001 Cavallo akaandika kwamba hii haiwezekani, sheria hizi mbili ni batili, zinapingana na katiba na mikataba ambayo nchi imesaini. Siku chache baadaye mahakama ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ikatoa hukumu dhidi ya Peru, kesi ya Barrios Altos, ikisema msamaha wa namna hii hauna nguvu kisheria. Agosti 2003, chini ya rais Kirchner, bunge likazibatilisha zile sheria. Juni 14, 2005 Mahakama ya Juu ikakubali, saba kwa mmoja. 2007 ikafuta na misamaha ya Menem. Simón alihukumiwa miaka 25 mwaka 2006. Videla akala miaka 50 mwaka 2012 kwa mpango wa kuiba watoto, juu ya vifungo vingine, na akafia gerezani Mei 2013.

Waliosamehewa walidhani wamefunga milango yote, kumbe mlango wa mtoto ulibaki wazi, na walioingilia pale ni bibi vizee na mikoba yao.

Mkwezi

Mkuu uzi mzuri lakini mimi nabaki palepale. Umesema mwenyewe, walivyoanza kushtaki wadogo jeshi likaasi. Alfonsín angekaza nchi ingerudi kwa jeshi. Viongozi wanafanya maamuzi na bunduki ipo kichwani, sisi tunahukumu tukiwa tumekaa na chai. Na Mandela alisamehe, mbona hamumsemi?

Msoma Magazeti

Mkwezi nakuheshimu na hili swali sio dogo, ngoja nilijibu vizuri.

Kwanza kweli, Alfonsín alikuwa kwenye kona, na mimi simuiti msaliti kama wengine wanavyomuita, yule mzee alithubutu kushtaki junta wakati nchi jirani zote ziko chini ya jeshi au zinatoka kwa magoti. Lakini angalia kilichotokea BAADA ya kuwapa walichotaka. Wamepewa sheria ya kutii amri Juni 1987. Je walitulia? Januari 1988 wakaasi tena. Desemba 1988 wakaasi tena. Menem akawapa msamaha wa kwanza 1989, Desemba 1990 wakaasi kwa mara ya nne, na hiyo ya mwisho ilizimwa kwa nguvu na watu wakafa. Yani kila walipopewa walirudi na orodha ndefu zaidi. Kilichowavunja nguvu ni jeshi lenyewe kugoma kuwafuata ile mara ya nne, bajeti kukatwa, na baadaye kufutwa kwa jeshi la lazima mwaka 1994 baada ya kijana mmoja kuuawa kambini. Alafu kesi zikafunguliwa upya 2005, mamia ya maofisa wakapelekwa ndani, hakuna kambi hata moja iliyoasi. Kwaiyo hofu ya 1987 ilikuwa ya kweli kwa 1987, ila watu waliigeuza kuwa sheria ya milele.

Kuhusu Mandela, Afrika Kusini hawakutoa msamaha wa bure kaka. Ulikuwa unaomba mmoja mmoja, unakuja mbele ya watu, unasema nilimuua fulani, mahali fulani, nilimzika hapa. Usiposema yote hupati. Waliomba zaidi ya 7,000 na waliopewa ni 849. Unaweza ukaupinga ule utaratibu, familia nyingi kule zimeupinga mpaka leo, lakini angalau mama alipata kujua. Argentina wanajeshi walichukua msamaha na MIDOMO IKABAKI IMEFUNGWA. Mpaka Videla anakufa hakutoa orodha. Huo ndio msamaha unaoutetea?

NyumbaKumi254

Nimefika kwa jina la Ocampo haha, hapa Kenya hilo jina lilikuwa kwa kila matatu. Desemba 2010 akataja wale sita wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, watu wakasimama kwa TV kama final. Na mwishowe? Kesi ya Uhuru ikaondolewa 2014, ya Ruto ikaanguka 2016, mashahidi wengine walibadilisha statement, wengine hawakuonekana tena. Sasa huyu jamaa alishinda aje kwao na kwetu ikamshinda? Hapo ndio naulizanga.

Msoma Magazeti

Bro swali zuri sana hili, nimelifikiria muda.

Angalia walipotoka. Buenos Aires 1985 kesi ilikuwa mjini kwao, lugha yao, waandishi wanaingia kila siku, kuna gazeti maalum la kesi linauzwa mtaani kila wiki. Shahidi akitoka pale anarudi nyumbani na majirani wanajua amesema nini. Washtakiwa walikuwa WAMESHAONDOKA madarakani, wameshindwa vita, wamedharaulika. Na nyuma ya mwendesha mashtaka kulikuwa na tume iliyokwisha kukusanya maelfu ya maelezo, na kina mama walioandika kila jina kwenye madaftari tangu 1977. Ocampo na vijana wake walikuta shamba limeshalimwa.

Kwenu kesi ilihamia Uholanzi, kilomita maelfu, mashahidi wamebaki nyuma au wamehamishwa, na washtakiwa wawili wakashinda uchaguzi wa 2013 kesi ikiendelea. Na kumbuka bunge lenu lilipewa nafasi ya kuunda mahakama ya ndani, Februari 2009, likaukataa muswada. Mimi naona pale ndipo mambo yaliharibikia, kabla ya Ocampo kupanda hata ndege.

NyumbaKumi254

Kweli. Watu walikuwa wanaimba tusipoteze muda twende The Hague. Na si hiyo tu, tulikuwa na Indemnity Act ya 1970, serikali ilijikinga na yote yaliyofanywa kaskazini wakati wa vita ya shifta. Watu wa Garissa na Isiolo walikaa nayo miaka mingi. Nyanya yangu aliondoka kama hakuna mtu amewahi kumwambia pole.

Msoma Magazeti

Pole sana ndugu yangu. Hiyo sikutaka kuiingiza kwenye uzi wangu kwa sababu wenyewe mnaijua kuliko mimi, ila anzisha uzi wake nitakuja kusoma, naomba kabisa.

Fundi Redio

Mkuu mimi nina wasiwasi na namba. Umesema tume ilipata 8,961, lakini wenyewe kila mahali wanasema 30,000. Na huyu rais wao wa sasa Milei anasema ni 8,753. Sasa nani muongo? Na pia wale wapiganaji wa msituni nao waliua, mbona hao hawasemwi, si haki iwe pande zote?

Msoma Magazeti

Mbili hizo, tuende taratibu.

Namba. Ile 8,961 ni ya watu ambao familia zao zilifika mbele ya tume ndani ya miezi tisa ya 1984, wakati wanajeshi bado wanaishi mtaani na watu wengi wa mikoani, vijijini, wanaogopa kufungua mdomo. Tume yenyewe iliandika kwamba orodha haijakamilika. 30,000 ni makadirio ya mashirika ya haki za binadamu. Alafu kuna waraka wa shushushu wa Chile aliyekuwa Buenos Aires, Arancibia Clavel, aliyeripoti kwao kwamba kufikia Julai 1978 wanajeshi wa Argentina wenyewe walikuwa wanahesabu 22,000 waliouawa na kupotezwa. Hiyo ni namba ya ndani ya jeshi, na utawala ulikuwa bado una miaka mitano mbele. Kwaiyo mtu anaposimama kubishania namba namuuliza kitu kimoja: kumbukumbu za nani alikamatwa na nani alipandishwa ndege ziko wapi? Aliyechoma mafaili ndiye anadaiwa hesabu, mama aliyepotezewa mtoto hadaiwi.

Pande mbili. Wapiganaji waliua kweli, maofisa, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, hata raia, na familia zao zina uchungu ule ule, sipunguzi. Lakini sio kweli kwamba hawakuguswa. Alfonsín siku aliyoagiza junta ishtakiwe aliagiza pia viongozi wa Montoneros na ERP washtakiwe. Firmenich wa Montoneros alirudishwa kutoka Brazil akafungwa, na alitoka kwa msamaha ule ule wa Menem. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mpiganaji akikuteka unakimbilia polisi. Polisi wakikuteka unakimbilia wapi? Serikali ina mahakama, ina magereza, ina sheria ya hukumu ya kifo kama inataka, na bado ikachagua kuiba watu usiku na watoto wao. Hilo haliwekwi kwenye mizani na kitu kingine.

Binti Kisutu

Kaka mimi kuna kipindi kinanisumbua, hiyo miaka ya tisini. Sheria zimefunga kila kitu, wauaji wako mtaani. Watu walifanyaje kila siku? Walikaa tu?

Msoma Magazeti

Hawakukaa dada, na hiki ndio kipindi ninachokipenda kuliko vyote.

Watoto wa waliopotezwa walikuwa wamefika miaka ishirini na kitu. Mwaka 1995 wakaunda kundi lao, HIJOS. Wakasema mahakama imefungwa sawa, mtaa haujafungwa. Walikuwa wanatafuta anakoishi mtesaji aliyesamehewa, wiki kadhaa kabla wanapita nyumba kwa nyumba pale mtaani, dukani, saluni, wanagawa karatasi yenye picha yake na aliyoyafanya, wanaongea na majirani kwa heshima. Alafu siku yenyewe wanakuja na ngoma, wanaimba, wanapaka rangi barabarani mbele ya geti lake. Wasanii wakawatengenezea vibao kama vya barabarani vile vya umbali, vinasema mita 100 kutoka hapa anaishi muuaji. Matokeo yake muuza magazeti anakataa kumuuzia, mkahawani akiingia watu wanahamisha viti. Kumpiga hakukuwa sehemu ya mpango.

Na upande wa kisheria, kina mama wakaenda na hoja nyingine: sawa hamuwezi kumfunga mtu, lakini nina haki ya KUJUA. Kuanzia 1998, La Plata, mahakama ikaanza kesi ambazo haziwezi kumfunga yeyote, kazi yake ni kuita watu wahojiwe kwa kiapo nini kilitokea. Wengine waliona ni upuuzi, kesi bila hukumu. Lakini yale maelezo yote yaliwekwa kwenye mafaili, na kesi zilipofunguliwa tena ushahidi ulikuwa umekaa unasubiri.

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi hata baada ya hapo. Jorge Julio López, fundi mwashi mstaafu, alitoa ushahidi La Plata mwaka 2006 dhidi ya bosi wa polisi Etchecolatz. Septemba 18, siku moja kabla ya hukumu, alitoweka. Mara ya pili katika maisha yake, na safari hii nchi ina demokrasia. Etchecolatz alipata maisha. López hajapatikana.

Mkwezi

Hiyo ya López imeniuma. Sawa mkuu, sijasema nimekubali yote ila hoja ya waliopewa wakaomba zaidi sikuwahi kuiangalia hivyo. Sasa Brazil wao walisamehe na wakaendelea, hawakufukua, mbona wako fresh?

Msoma Magazeti

Brazil hawako fresh kaka, nasema kwa kifupi maana ni uzi wake.

Sheria yao ya msamaha ni ya Agosti 1979, ilitolewa na jeshi likiwa bado madarakani, iliwarudisha wakimbizi wa kisiasa na wakati huo huo ikawafunika watesaji. Aprili 2010 Mahakama ya Juu ikaibakisha. Tume ya ukweli ilikuja kutoa ripoti Desemba 2014, karibu miaka 30 baada ya jeshi kuondoka, ikataja waliouawa na kupotezwa 434 na wahusika 377, na hakuna kilichowafika. Aprili 2016 mbunge Jair Bolsonaro anasimama bungeni, laivu kwenye TV, anaitoa kura yake ya kumng'oa rais Dilma Rousseff kwa heshima ya kanali Ustra, mkuu wa kituo cha mateso São Paulo. Miaka miwili baadaye anachaguliwa rais. Januari 2023 wafuasi wake wanavamia bunge, ikulu na mahakama wakitaka jeshi liingilie. Septemba 2025 ndio Mahakama ya Juu ikamhukumu miaka 27 na miezi 3 kwa kupanga mapinduzi, pamoja na majenerali, na kwa Brazil jenerali kufungwa kwa kosa la mapinduzi halikuwahi kutokea. Na wafuasi wake walishaanza kudai nini bungeni? Msamaha.

Fundi Redio

Dah. Swali la mwisho mkuu, je Argentina Milei au mwingine anaweza kuja kuwasamehe tena?

Msoma Magazeti

Kisheria njia ni nyembamba sana. Hukumu za 2005 na 2007 zinasema makosa haya hayafutiki kwa muda wala kwa msamaha. Walishajaribu kupitia mlango mwingine, Mei 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mmoja wao apunguziwe kifungo kwa hesabu ya siku moja kuhesabika mbili. Ndani ya wiki moja bunge likapitisha sheria ya kuzuia hilo na Plaza de Mayo ikajaa watu wamenyanyua vilemba vyeupe, watu wa vyama vyote.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni muda na bajeti. Waliohukumiwa wameshapita 1,100 ila wengi ni wazee, wanatumikia vifungo majumbani, watuhumiwa wengine wanakufa kesi haijaisha. Ofisi za kumbukumbu zinapunguziwa wafanyakazi, na ESMA yenyewe ambayo Septemba 2023 iliingizwa urithi wa dunia wa UNESCO nayo inalia na fedha.

Wajukuu waliopatikana mpaka Julai 2025 ni 140. Maana yake kuna mamia bado, watu wa karibu miaka 50 sasa, wana watoto wao, wanaishi na majina ambayo sio yao na wengine hawana habari kabisa. Anayejitilia mashaka na aliyezaliwa miaka ile anaweza kwenda mwenyewe, anapimwa bure, damu yake inalinganishwa na zile za kina bibi zilizohifadhiwa. Na kila anayepatikana jaji anafungua faili jipya: nani alimtoa, nani alimpokea, daktari gani alisaini cheti cha kuzaliwa.